Kizibo Ambacho Sikwenda Kukiona

Kambo,

Sikwenda. Siku ile uliponituma kwenye karakana ya misioni nikaangalie kitu cha ukurasa wa tisa, sikwenda. Nilifika langoni, nikarudi. Sijamwambia mtu. Si Mama, si padri, si hata daftari langu ambalo huwa nalimwagia kila kitu. Wewe, babu yangu, ndiye wa kwanza kuambiwa, na wewe umekufa, kwa hiyo ni kama bado sijamwambia mtu.

Leo ni Alhamisi. Nimekaa kwenye kiti chako nyuma ya nyumba, pale ulipokuwa ukiota jua, na sanduku la kadi liko mapajani mwangu. Keshokutwa familia inamaliza kilio chako. Turubai limeshaagizwa, viti vya plastiki vimeshaagizwa, Mama na akina mama wa kwaya wamegawana nani atapika ugali wetu wa bukari na nani atapika samaki. Na mtani wetu Ya Kaputo atakuja. Unajua maana yake.

Ulipokuwa hai ulimpenda Ya Kaputo kuliko watani wote wa ukoo wetu. Ulinieleza kwamba watani ndio wanaochimba kaburi letu na sisi tunachimba lao, na ndio wenye ruhusa ya kumwiga marehemu mbele ya watu wote bila mtu kukasirika. Kwenye matanga ya dada yako alijifunga kitenge chake akatembea kama yeye, akipiga chafya na kumsingizia jirani, na wewe ulicheka mpaka ukavua miwani. Ulisema siku yako ikifika unataka akuige vizuri, asikose hata kikohozi.

Siku ya mazishi yako hakukosa kikohozi, Kambo. Alivaa kofia yako. Alikaza macho kama wewe ulivyokuwa ukikaza. Lakini shingoni alining'iniza waya wa pasi ya zamani, wenye plagi mwishoni, ile tunayoiita fishi, na akaanza kupita kati ya viti akiwagusa watu nayo.

"Mashine iko inalia? Toa fishi. Mutoto iko na homa? Toa fishi. Weye mama, bwana yako harudie nyumba? Toa fishi, kesho atakuwa kwa mulango."

Watu walicheka chini ya turubai mpaka mtoto mmoja akaanguka na kiti. Mama alicheka huku machozi yanamtoka, na sikujua ni machozi gani. Mimi nami nilicheka. Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe, na nilicheka, kwa sababu kila mtu alikuwa ananitazama na niliogopa kuwa peke yangu nisiyecheka. Hilo nalo sijamwambia mtu.

Sasa watoto wa mtaa wanakuita Kambo Toa-Fishi. Mimi ni mjukuu wa Toa-Fishi. Kwenye bomba la maji wananiachia nafasi kwenye foleni na kusema, mwacheni apite, asije akatutolea fishi. Wao hawana ubaya. Wanarudia tu walichosikia.

Lakini kuna jambo lingine, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mama ana mimba ya miezi saba. Ulijua kwamba yuko hivyo, hukujua ni nini. Ekografi, ile picha ya tumboni, imesema ni mwanamume. Kila mtu alidhani ataitwa Anselme, kama wewe, kwa sababu ndivyo tunavyofanya, aliyekufa anarudi kwa jina. Juma lililopita jirani alimuuliza Mama kama jina limeshapatikana. Mama alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa. Alisema hatampa mtoto jina ambalo watamrushia barabarani kama jiwe.

Alisema polepole, bila hasira. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya pazia, nikiwa na kitabu mkononi. Nilisoma mstari mmoja mara nyingi sana.

Kwa hiyo Jumamosi Ya Kaputo ataiga tena, na nguo nyeusi zitavuliwa, na kilio kitafungwa. Kitakachochekwa siku hiyo ndicho watu watakachoondoka nacho nyumbani. Baada ya hapo hakuna siku nyingine ya kukuzungumzia mbele ya wote. Nami ndiye pekee ninayejua kwamba wanamcheka mtu asiyehusika.

Acha nikueleze yote kwa mpangilio, kama ulivyonifundisha kupanga kadi.

Kiingereza chako kilitoka kwenye katalogi za vipuri. Miaka yote uliyotunza ghala la kampuni ya shaba hapa Panda, mjini Likasi, mashine zilikuja na vitabu vya Kiingereza, na ulijua jina la kila bolti na kila mkanda kabla ya kujua kusema habari za asubuhi. Kiispania ulikipata kwa padri mmoja mzee wa misioni aliyekuwa akitengeneza saa. Wewe ulimshikia taa, yeye akakupa maneno. Ulisema ukipelekwa Uispania utaweza kuomba bisibisi lakini utakufa njaa.

Halafu akaja Masela Inés, kutoka Amerika ya Kusini, kuongoza kazi za akina mama wa parokia. Yule ndiye mtawa wa kwanza niliyemwona akipanda ngazi na nyundo mdomoni. Kifaransa chake kilikuwa kinajikwaa, na Kiingereza hakuwa nacho kabisa, kwa hiyo kila karatasi ya Kiingereza iliyokuja na mizigo aliileta kwetu umpe kwa Kiispania. Alikuwa na simu inayotafsiri. Alikuambia simu inampa maneno haraka lakini haijawahi kufanya kazi ghalani. Hilo lilikufurahisha siku mbili nzima. Ulimsimulia hata muuza mikate.

Nilikuwa na miaka kumi na mbili uliponifungulia hili sanduku mara ya kwanza. Kadi zilizokatwa kwenye maboksi ya sabuni. Juu, neno la Kiingereza. Chini yake michoro, na chini ya kila mchoro neno la Kiispania. Kadi ya *nut* ina karanga upande mmoja na upande wa pili kile kichuma kinachokaza bolti, na Kiispania kina majina mawili yasiyofanana hata kidogo. Kadi ya *spring* ina michoro mitatu: maji yanayotoka ardhini, waya uliojikunja, na majira ya maua ambayo hapa kwetu hatuyajui, hivyo ulichora ua moja na alama ya kuuliza. Niliipenda kazi hii kwa sababu ya alama hiyo ya kuuliza. Mimi shuleni siwezi kujibu swali hata nikiwa najua jibu. Ulimi unakauka. Hapa, mbele ya sanduku, hakuna aliyenikimbiza.

Na ulikuwa na sheria moja tu. Hukuchagua neno kabla ya kuona kitu chenyewe. Kamusi ilikuja mwisho. Ulinisimulia jinsi ghalani ulivyokuwa ukiandika *Vu*, "imeonekana" kwa Kifaransa, kwenye hati ya kila mzigo ulioufungua kwa mikono yako, na jinsi bosi mmoja alivyokupigia kelele usaini kasha lililofungwa, nawe ukaketi juu ya kasha hilo mpaka wakaleta mtaimbo wa kulifungulia. Kwenye tafsiri za Masela uliandika *Visto*, imeonekana, kisha jina lako. Hujawahi kuliandika bure.

Macho yalipoingia ukungu, mimi nikawa macho. Ulinituma kwenda kutazama bomba, kofuli, kitanda cha hospitali, nami nikarudi kukueleza: kina urefu wa kidole, kinazunguka, kimefungwa na skrubu mbili. Ulikuwa unafumba macho nikieleza. Kila mara uliuliza swali lilelile kabla ya kuniruhusu kuandika. "Uliona kintu yenyewe?"

Kisha ikaja mashine ya kusaga mahindi ya akina mama. Kitabu chake hakikuwa na picha hata moja. Ukurasa wa tisa ulisema kwamba kabla ya kuwasha mara ya kwanza uondoe *plug*, uitunze kwa ajili ya safari nyingine. Ulinifanya nikusomee mara tatu.

"Plug iko mingi," ulisema. "Enda uone, urudie."

Nilikwenda kweli. Nilishika barabara ya Kamatanda nikiwa na sare ya shule, malori yenye magunia ya madini yakinipita na kunifunika vumbi. Kwenye karakana alikuwepo fundi Serge na vijana wake wawili. Wiki moja kabla, mmoja wa hao vijana alikuwa ameniita Mademoiselle Dictionnaire, yaani Binti Kamusi, akaniuliza neno la "nakupenda" liko ukurasa gani, na wote walicheka, na mimi nilijigonga kwenye mlango nikitoka. Siku ile nilisikia sauti zao kutoka langoni. Walikuwa wanacheka jambo lao, labda halikunihusu. Nilisimama pale mpaka malori mawili yakapita. Mkono wangu ulikuwa kwenye chuma cha lango. Sikusukuma.

Nilipita njia ya mbali, nikakaa nyuma ya ukuta wa uwanja wa mpira ili muda utoshe, ili usishangae kwamba nimerudi haraka. Kambo, nilihesabu muda wa kudanganya.

Na nikiwa nimekaa pale nilijitengenezea jibu. Umeme ukikatika, Mama anafanya nini? Anakimbia nyumba nzima akichomoa fishi zote, kwa sababu ukirudi kwa nguvu utaunguza friji. Hakuna mtoto wa Likasi asiyejua hilo. Tunachomoa, tunasubiri taa itulie, tunachomeka tena. Nikasema kumbe kitabu kinasema hivyo hivyo: kabla ya kuwasha, chomoa fishi, subiri, chomeka. Nilipofika nyumbani nilichukua simu ya Mama nikaliuliza neno. Ilinipa maneno matatu ya Kiispania, na la kwanza lilikuwa *enchufe*, fishi. Haikuniuliza ni lipi. Nilishukuru kwamba haikuniuliza.

Ulikuwa umekaa hapa hapa.

"Uliona kintu yenyewe?"

"Niliona, Kambo."

"Ni ya courant, ya umeme?"

"Ni ya courant."

Ulisugua goti. "Ajabu," ulisema. "Bazungu nabo banaogopa courant kama siye?" Kisha ukanitajia sentensi, nami nikaandika *enchufe* kwa mwandiko mzuri, na nikachora fishi kwenye kadi mpya. Nilikushika mkono nikauweka kwenye mstari, nawe ukaandika *Visto*, herufi zimeinama, na jina lako.

Mashine ilizinduliwa kwa nyimbo. Kwa siku kumi hivi ilisaga. Kila asubuhi fundi Serge alichomoa fishi, akasubiri kama ulivyoandika, akachomeka, na vijana wake wakasimama wima na kuvua kofia, wakiiita ibada ya Kambo. Wakati wote huo, juu ya kisanduku cha gia, kulikuwa na kizibo kidogo chekundu kilichowekwa kiwandani ili mafuta yasimwagike safarini. Kilipaswa kutolewa, na mahali pake pawekwe kingine chenye tundu la kupumulia. Hakuna aliyekigusa. Karatasi yetu haikusema lolote juu yake. Joto lilipopanda ndani, mafuta yalitafuta pa kutokea, yakapasua mipira inayoyazuia, gia zikabaki kavu. Wanasema sauti yake ilisikika mpaka barabarani.

Walioitengeneza walijibu barua ya Masela kwa mstari mmoja. Hamkutoa kizibo.

Masela alikuja kwetu saa tisa alasiri. Mimi nilikuwa nimeketi miguuni pako, nikikusomea. Alikaa kwenye stuli, akaweka karatasi yako ya ukurasa wa tisa magotini, akakuuliza kwa upole, kwa sauti ya mtu anayetaka jibu liwe lile analolitaka.

"Don Anselmo, ¿usted lo vio?"

Je, uliona. Nilijua ni zamu yangu. Nilijua maneno yote ya Kiispania niliyohitaji, yalikuwa manne au matano tu.

"Sí," ulisema. "Lo vi yo."

Ndiyo, niliona mimi mwenyewe. Ukaongeza kwamba macho yako yamechoka, kwamba umetazama vibaya, kwamba lawama ni yako peke yako na akina mama wakusamehe. Masela alikushika mikono miwili. Hukugeuka kunitazama. Mimi nilitazama kitabu.

Baada ya hapo hakuna aliyeleta karatasi. Masela alikuja kukusalimu, akakuletea machungwa, lakini mkoba wake ulibaki umefungwa. Akina mama walirudi kubeba mahindi kichwani hadi mashine ya mbali. Wewe ulikaa hapa na sanduku, ukizipitisha kadi kwenye vidole bila kuzisoma, na uliponiuliza kama nina kazi ya shule nilisema ndiyo, nikaingia ndani. Mvua zikaja. Daktari alisema ni moyo. Ulikuwa mzee, watu wote wanasema ulikuwa mzee, moyo wa mzee huchoka. Mimi nashindwa kuwaamini. Nahesabu majuma kutoka siku ya Masela hadi siku ya kifo chako na kila nikihesabu nakuta ni mimi.

Kambo, niambie kama ni mimi.

Siwezi hata kukuuliza vizuri. Ningeweza kukuuliza ukiwa hai, siku yoyote kati ya siku hizo zote, ulikuwa umbali wa mkono. Kila asubuhi niliamka nikisema leo. Nilikuwa naleta chai, naiweka, nasema, Kambo, ni moto, na nilikuwa nimepanga kusema neno lingine.

Na sasa kuna hii kadi. Baada ya mazishi nilifungua sanduku ili nikutafute humo. Kadi ya *plug* niliichora mwenyewe, mchoro mmoja, fishi. Sasa ina michoro miwili. Wa pili si wangu. Ni mstari unaotetemeka, umekandamizwa mpaka kadi imetoboka mahali pamoja: kitu kifupi chenye kichwa cha pembe sita na hesi chini, ile mizunguko ya skrubu. Chini yake, kwa herufi zinazopanda mlima, *tapón*, kizibo. Ni mkono wako. Lakini wewe ulikuwa huoni. Nani alikueleza umbo lake? Uliichora lini? Kama uliichora baada ya Masela kuja, basi uliambiwa na mtu. Kama uliichora kabla hajaja, basi ulijua, na ulikuwa unajua pale uliposema *lo vi yo*. Nimeigeuzageuza mpaka kona zimelainika. Sijui nitake jibu lipi.

Nisingeandika barua hii kama ningejua kusema. Mbele ya wanafunzi kumi wa darasa langu sauti inanikatika, na Jumamosi watakuwa watu mia. Nimefikiria kuugua. Nimefikiria kumwomba Ya Kaputo kwa siri aache ule waya nyumbani, lakini ataniuliza kwa nini, na mtani hakatazwi. Nimefikiria kukaa kimya na kuacha mdogo wangu aitwe jina lingine lolote, zuri, la mtu wa Biblia. Hilo ndilo rahisi. Nalitamani sana, Kambo, najua kwamba unajua.

Kwa hiyo nakuaga sasa, kabla sijapata nafasi ya kuogopa tena. Pumzika, bwana yangu mzee, kama ulivyokuwa ukiniita mke wako mdogo mbele ya wageni ili nione haya na kucheka. Sanduku niachie mimi. Sitaandika *Visto* chini ya kitu ambacho macho yangu hayajakigusa, hata nikibaki nimesimama langoni siku nzima. Na kesho nitaanza na lile lango.

Mjukuu wako,
Naomi

*

Kambo, ni Jumatano. Barua haijaingia kwenye bahasha. Naongeza nilichofanya.

Ijumaa nilitoka shule nikaenda karakana. Vijana walikuwepo. Mmoja alisema, "Aa, Mademoiselle Dictionnaire, leo unatafuta bwana ao neno?" Nilisema natafuta kizibo chekundu. Fundi Serge alifuta mikono, akaondoa gunia lililofunika mashine, akanionyesha. Kizibo bado kilikuwa pale. Nilikishika. Kina kichwa cha pembe sita, na ni kidogo kuliko nilivyodhani, kama kifuniko cha dawa ya meno.

Nilimuuliza kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuja kukitazama. Alisema ulikuja wewe, kwa fimbo, peke yako, siku moja kabla Masela hajaja nyumbani. Alikuona unavuka barabara kati ya malori na akakimbia kukushika. Uliomba uwekewe mkono juu ya kizibo, ukakipapasa, ukauliza kinaitwaje. Halafu ukamuuliza kama yule mtoto alifika siku ile.

"Nilikuambia kweli," fundi Serge alisema, kana kwamba anaongea na wewe. "Hakuna mutoto aliyekuja, Kambo." Kisha akanigeukia mimi. "Akanikataza kusema. Alisema iko na haya sana, huyu mutoto, usimwongezee."

Nilimwomba anifungulie kizibo. Alikifungua kwa spana, akanipa, na chini kilikuwa na hesi kama ulivyoichora.

Jumamosi Ya Kaputo alikuja na kofia na waya. Alipofika kwenye "toa fishi" ya pili, niliinuka kwenye viti vya nyuma. Sikumbuki kutembea. Nilimkuta katikati, nikaushika waya, naye akaniachia kwa sababu alidhani nataka kucheza naye. Nikainua kizibo. Nilisema kwa sauti ndogo, na watu wa nyuma wakasema hawasikii, ikabidi nirudie. Nilisema Kambo alinituma nikaone hiki, mimi nikaishia kwenye lango la karakana, nikakimbia, nikamwambia nimeona. Mimi ndiye niliyeandika fishi. Yeye alijua, akasema ni yeye.

Masela Inés alikuwa mstari wa mbele, na mtu alikuwa anamnong'oneza maana. Nilimtazama Mama. Alikuwa anatazama miguu yake.

Ya Kaputo alivua kofia yako, akanivalisha mimi. Ikaniziba macho. Akazunguka polepole, akaniangalia juu mpaka chini, akawaambia watu, "Kumbe tulikuwa tunamucheka mwenye hakuwa nayo. Mwenye fishi ni huyu hapa." Akanining'iniza waya shingoni. Akaniiga langoni, magoti yakigongana, akichungulia na kukimbia, akichungulia na kukimbia. Watu walicheka sana. Nilisimama mpaka walipomaliza, kisha nikamrudishia waya, nikaenda kuosha sahani.

Jumatatu nilikwenda kwa Masela nikamwomba karatasi ya ukurasa wa tisa. Nilitaka kuandika upya. Yeye alisema karatasi haiandikwi upya, inaongezwa. Kwa hiyo nilifuta *enchufe* kwa mstari mmoja, nikaandika *tapón* juu yake. Saini yako sikuigusa. Chini yake niliandika kwa Kiispania kwamba aliyetumwa kuona ni mimi, na kwamba sikuona, nikaweka jina langu na tarehe. Masela alisoma, akaipiga mhuri, akairudisha kwenye faili.

Mama hakusema nami Jumamosi, wala Jumapili, wala Jumatatu. Alinipa chakula, hakunipa neno. Jana jioni alinikuta hapa kwenye kiti chako, amejishika kiuno, akaniambia niende kuchota maji kabla foleni haijawa ndefu.

"Na usikawie," alisema. "Anselme anapiga teke tangu asubuhi, siwezi kuinama."

Nilichukua ndoo, nikaenda.